Fremuweki Yako Itatunzwa Hadi Lini? Mwongozo Kamili kwa Wasanidi wa Mifumo ya Tovuti

Kila msanidi wa mifumo ya tovuti anayefanya kazi Kisumu, Nakuru, Kakamega au Bungoma hufika mahali akajiuliza kama fremuweki aliyoichagua, yaani msingi wa msimbo uliokwisha kutayarishwa ambao juu yake mfumo hujengwa, itaendelea kutunzwa na watu walioiunda. Wasiwasi huo una msingi. Mfumo wa karo wa shule ya bweni, au wa mikopo wa Sacco, haujengwi ili utumike mwaka mmoja. Mteja huulipia mara moja, kisha hutarajia uendelee kumhudumia kwa miaka saba au kumi, na aliyeujenga ndiye atakayepigiwa simu siku ya kufungua shule ikiwa malipo ya M-Pesa yamekoma kuonekana kwenye akaunti za wanafunzi.

Kubashiri mustakabali wa fremuweki kwa kutazama umaarufu wake ni kazi bure. AngularJS ilikuwa miongoni mwa fremuweki zilizotumika sana duniani, tena ilikuwa mali ya Google, na bado utunzaji wake ulikoma tarehe 31 Desemba 2021. Yapo mambo mawili ambayo msanidi anaweza kuyajua kwa uhakika zaidi: tarehe ambayo toleo analolitumia litaacha kupokea viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya ya wadukuzi, na gharama atakayoingia akilazimika kuondoka. La kwanza hutangazwa mapema, na kulisoma hakulipiwi chochote. La pili hutegemea jinsi alivyoupanga msimbo wake, na ndilo litakalochukua nafasi kubwa katika mwongozo huu.

Hatua ya kwanza: andika kila kitu ambacho mfumo unakitegemea

Fremuweki ni tabaka moja tu kati ya kadhaa, na mara nyingi si hiyo inayoanguka kwanza. Mfumo uliojengwa kwa Laravel 6, fremuweki ya lugha ya PHP, hauzimiki siku ambayo Laravel inatangaza mwisho wa toleo hilo. Huzimika siku ambayo kampuni ya hosti inaondoa matoleo ya zamani ya PHP kwenye seva zake, kwa kuwa Laravel 6 haikuandaliwa kwa PHP 8.1 na kuendelea. Kwa hiyo anza kwa kuorodhesha matabaka yote: mfumo endeshi wa seva, lugha ya programu, hifadhidata, fremuweki yenyewe, na maktaba ulizoziongeza kwa mkono wako.

Ingia kwenye seva ambayo mteja anaitumia, si kwenye kompyuta yako, kwa sababu viwili hivyo hutofautiana mara nyingi kuliko wenye mifumo wanavyodhani. Kwa mradi wa PHP, amri hizi zinatosha kukupa picha ya kwanza:

php -v
composer show --direct
composer outdated --direct
composer audit

Amri ya mwisho hulinganisha maktaba zako na orodha ya udhaifu wa usalama uliotangazwa hadharani, nayo hupatikana katika Composer, zana ya kusimamia maktaba za PHP, kuanzia toleo la 2.4. Kwa Node.js, inayoendesha JavaScript kwenye seva, tumia node -v, npm outdated na npm audit. Kwa Django, fremuweki ya Python, tumia python -m django --version pamoja na pip list --outdated. Hakikisha pia kwamba faili ya composer.lock au package-lock.json, inayorekodi matoleo halisi ya maktaba, imehifadhiwa kwenye hazina ya msimbo, kwani bila hiyo huwezi kuujenga upya mfumo uleule baada ya diski kuharibika, na mjadala wote kuhusu matoleo unakosa pa kushika.

Kisha ongeza huduma za nje. Mifumo mingi ya huku kwetu huitegemea Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa, kwa malipo, eTIMS ya KRA kwa ankara, na kampuni fulani ya kutuma ujumbe mfupi. Huduma hizi zina kalenda zao, na hazimsubiri mtu yeyote. Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF, hospitali ambazo mifumo yake ilikuwa imefungamanishwa na taratibu za NHIF zililazimika kubadilisha msimbo hata kama fremuweki zao zilikuwa za juzi.

Jedwali la kawaida lenye safu nne linatosha: jina la kitu, toleo lililopo kwenye seva, tarehe ya mwisho ya viraka vya usalama, na mtu anayehusika na kulisasisha. Safu ya nne ndiyo huachwa wazi kila mara, na ndiyo yenye maana kuliko zote.

Hatua ya pili: jaza tarehe

Fremuweki yoyote inayoheshimu watumiaji wake ina ukurasa rasmi wa ratiba ya matoleo, na tovuti ya endoflife.date imekusanya ratiba za bidhaa nyingi mahali pamoja. Itumie kama njia ya mkato, kisha thibitisha kwenye ukurasa rasmi kabla ya kumwandikia mteja.

Soma kwa makini, maana ratiba hutofautisha vitu viwili. Kuna kipindi cha kurekebisha hitilafu za kawaida, na kuna kipindi cha viraka vya usalama pekee, ambacho huwa kirefu zaidi. Laravel hurekebisha hitilafu za kila toleo kuu kwa miezi 18 na kutoa viraka vya usalama kwa miaka 2. Toleo la 12, lililotoka Februari 2025, litapata viraka hadi Februari 2027. Zamani Laravel ilikuwa na matoleo ya muda mrefu, lakini la mwisho la aina hiyo lilikuwa la 6, la mwaka 2019, na mtu anayeendelea kusubiri jingine anajichelewesha. Django huwa na toleo la muda mrefu takriban kila miaka 2, nalo hutunzwa kwa miaka 3: toleo la 4.2 lilitoka Aprili 2023 na mwisho wake ni Aprili 2026, na toleo la 5.2 lilitoka Aprili 2025 na litafika Aprili 2028. Angular hutoa toleo kuu kila miezi sita na kulitunza kwa miezi 18. Kwa upande wa Node.js, matoleo ya namba shufwa ndiyo hupata utunzaji wa muda mrefu. Toleo la 18 liliishia Aprili 2025.

Tabaka za chini zina tarehe zake pia. PHP 7.4 iliachwa Novemba 2022, MySQL 5.7 Oktoba 2023, na utunzaji wa kawaida wa Ubuntu 20.04 uliisha Mei 2025. Ukiyaona majina hayo matatu kwenye jedwali lako, usianze kuhangaika na fremuweki. Shughulikia hayo kwanza.

Kuna jambo la kisheria hapa ambalo msanidi hapaswi kuliacha kwa wanasheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka mdhibiti wa data kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba data imefikiwa bila idhini na kwamba kuna hatari halisi ya madhara kwa wenye data hiyo, na anayechakata data kwa niaba yake humjulisha mdhibiti bila kuchelewa, ikiwezekana ndani ya saa 48. Ikiwa wewe ndiye unayeiendesha seva ya Sacco, yenye namba za vitambulisho na za simu za wanachama, basi wewe ni mchakataji, na kuendelea kutumia toleo lisilopata viraka huku ukijua ni jambo gumu sana kulitetea.

Hatua ya tatu: chunguza nani anamiliki na nani analipa

Tarehe hukuambia kuhusu toleo. Wamiliki hukuambia kuhusu kinachofuata baada ya toleo hilo. Historia ya CodeIgniter inafaa kusomwa na kila msanidi wa Kenya, kwa sababu mifumo mingi ya shule na ofisi ndogo bado imesimama juu yake. EllisLab, kampuni iliyoianzisha mwaka 2006, ilitangaza Julai 2013 kwamba inatafuta mmiliki mwingine, na kwa zaidi ya mwaka watumiaji hawakujua hatima yao hadi British Columbia Institute of Technology, chuo cha nchini Canada, kilipoichukua Oktoba 2014. Toleo la 4 lilitoka Februari 2020, likiwa limeandikwa upya kiasi kwamba msimbo wa toleo la 3 hauhamii bila kazi kubwa. Fremuweki ilinusurika, lakini aliyetaka kuhama kutoka toleo la 3 kwenda la 4 alikuta karibu kazi ileile ambayo angeifanya akihamia fremuweki nyingine.

Kwa hiyo uliza maswali mawili tofauti: je, jina hili litaendelea kuwapo, na je, msimbo wangu utaweza kufuatana nalo? Google haikuiacha Angular. Iliiacha AngularJS, kwa kuwa Angular 2 ya Septemba 2016 ilikuwa kitu kingine kabisa. Vue 2 nayo ilifikia mwisho tarehe 31 Desemba 2023 wakati Vue 3 ikiwa hai na yenye afya. Kwa upande wa pili, Zend Framework ilibadilishwa jina ikawa Laminas chini ya Linux Foundation, na watumiaji walipewa zana ya kuhamisha majina kwenye msimbo wao. Jina lilikufa, msimbo ukaendelea.

Kuhusu fedha, tafuta kama kuna taasisi, kampuni au wafadhili wanaolipa mtu wa kukaa na kazi hiyo kila siku. Django ina wakfu wake tangu 2008, na wakfu huo huwalipa watu wachache kushughulikia ripoti na matoleo. Laravel ina kampuni ya Taylor Otwell, ambayo mwaka 2024 ilipokea uwekezaji wa dola milioni 57 kutoka kampuni ya Accel. Uwekezaji wa namna hiyo huleta wafanyakazi wengi, ingawa huleta pia watu watakaotaka fedha zao zirudi, jambo ambalo msanidi anapaswa kulifuatilia bila kulipigia kelele. Fremuweki inayotegemea mtu mmoja anayejitolea usiku baada ya kazi yake inaweza kuwa nzuri sana, lakini usiijengee mfumo wa mikopo.

Leseni haihitaji maneno mengi. MIT, BSD na Apache 2.0 hukuruhusu wewe na wengine kuendeleza msimbo hata wamiliki wakiondoka. Kitu chochote kingine kisome mpaka mwisho.

Hatua ya nne: tofautisha ukimya na kifo

Wasanidi wengi hufungua ukurasa wa GitHub, wakaona toleo la mwisho lilitoka zamani, wakahitimisha kwamba mradi umekufa. Kigezo hicho kina udhaifu. Express, ambayo ni msingi wa mifumo mingi ya Node.js, ilitoa toleo la 4 mwaka 2014 na toleo la 5 mwaka 2024. Kwa miaka kumi katikati watu wengi waliizika, na kwa miaka hiyo yote iliendelea kupokea marekebisho na kubeba tovuti nyingi. Maktaba iliyokamilika haina sababu ya kubadilika kila wiki.

Dalili zenye uzito zaidi ni hizi. Tafuta ripoti za udhaifu wa usalama zilizopita uone zilijibiwa baada ya muda gani, na kama kiraka kilitolewa kwa matoleo ya zamani au kwa jipya pekee. Angalia kama fremuweki inakubali toleo jipya la lugha yake ndani ya miezi michache tangu litoke. Mradi ambao bado haujakubali toleo la PHP lenye mwaka mzima umeanza kuachwa, hata kama ukurasa wake unapendeza. Angalia ni watu wangapi wana ruhusa ya kutoa toleo. Mwisho, soma mazungumzo ya wachangiaji wenyewe, kwa sababu mradi unaokaribia kufungwa husemwa huko miezi mingi kabla ya tangazo rasmi: Create React App ilitangazwa kuwa imeachwa Februari 2025, lakini aliyekuwa akisoma mazungumzo ya wachangiaji wake hakushangaa.

Hatua ya tano: pima gharama ya kuondoka, kisha ipunguze

Hapa ndipo muda wako utumike. Chukua kanuni moja ya biashara ambayo ni moyo wa mfumo, kwa mfano hesabu ya riba ya mkopo wa Sacco inayopungua kadiri mkopo unavyolipwa, pamoja na faini ya kuchelewa na ukomo wa mara tatu ya akiba. Jaribu kuiendesha ndani ya faili tupu ya PHP au Python, bila kuiwasha fremuweki. Ikiwa inaendeshwa, gharama yako ya kuondoka ni ndogo. Ikiwa haiwezi kuendeshwa kwa sababu hesabu hiyo imeandikwa ndani ya kontrola, yaani sehemu inayopokea maombi ya mtumiaji, ikichanganywa na kusoma fomu, kuandika kwenye hifadhidata na kumrudisha mtumiaji kwenye ukurasa mwingine, basi kila toleo kuu la fremuweki litakuwa msiba kwako. Jaribio hili huchukua siku moja, na hukuambia mengi kuliko makala kumi za kulinganisha fremuweki.

Njia ya kupunguza gharama hiyo ni kuhamishia kanuni za biashara kwenye mafaili yanayoandikwa kwa lugha ya kawaida, yasiyotaja jina la fremuweki popote. Unda folda moja, uipe jina ambalo mhasibu wa mteja angelielewa, kama vile mikopo au karo, kisha ndani yake weka kazi zinazopokea namba na tarehe na kurudisha namba na tarehe. Kontrola ibaki na shughuli tatu tu: kusoma kilichotumwa, kuita kazi hiyo, na kuonyesha jibu. Usijaribu kuhamisha kila kitu kwa mkupuo mmoja. Hamisha kanuni ambayo umeombwa kuibadilisha wiki hiyo, na baada ya mwaka sehemu kubwa itakuwa imehama bila mteja kulipia mradi maalumu.

Andika majaribio ya kiotomatiki kwa kanuni hizo kabla ya kuzihamisha. Muombe mhasibu akupe mifano aliyoihesabu kwa mkono na kuikubali: mkopo wa shilingi 60,000 kwa miezi kumi na miwili, mwanachama aliyelipa nusu kabla ya muda, mzazi aliyelipa karo ya watoto wawili kwa muamala mmoja. Mifano hiyo ni mali ya thamani kuliko msimbo wenyewe, kwani itabaki kuwa kweli hata ukibadilisha lugha.

Malipo ya M-Pesa yatengwe kwa uangalifu wa pekee. Daraja inapoleta jibu la ombi la malipo kwenye seva yako, jambo la kwanza liwe kulihifadhi jibu lote kama lilivyo kwenye jedwali lake, kabla ya kulichambua. Kisha kazi nyingine isome jedwali hilo, itazame ResultCode, ichukue namba ya risiti iliyo ndani ya MpesaReceiptNumber, na kuiandika kwenye akaunti ya mwanafunzi au mwanachama. Weka sharti kwenye hifadhidata kwamba CheckoutRequestID isijirudie, ili jibu likiletwa mara mbili malipo yasiingie mara mbili. Ukiwa umepanga hivyo, kuhamisha malipo kwenda fremuweki nyingine ni suala la kuandika upya kipande kidogo cha kupokea, na hata fremuweki mpya ikileta hitilafu siku ya kwanza, majibu yote yamo jedwalini na yanaweza kuchakatwa upya jioni.

Hifadhidata nayo ihesabike kama sehemu ya kudumu kuliko zote. Fremuweki huja na kwenda, lakini jedwali la wanachama litaishi. Tumia majina ya kueleweka, funguo za kuunganisha majedwali zilizoandikwa ndani ya hifadhidata yenyewe, na aina sahihi za data kwa fedha, yaani namba za desimali zenye ukomo, kamwe si namba za kuelea (float), ambazo huweza kukosea senti. Epuka kuhifadhi vitu vya lugha moja ndani ya safu, kama data ya PHP iliyobanwa kwa serialize, ambayo msanidi wa Python atakayekuja baadaye ataitazama kwa uchungu.

Kuhusu upande wa kivinjari, nina maoni ambayo si kila mtu atakubaliana nayo: fomu ya kusajili mwanafunzi haihitaji React, maktaba ya JavaScript ya kujenga kurasa. Kurasa zinazotengenezwa na seva kwa HTML ya kawaida, zikiongezewa JavaScript kidogo pale inapohitajika, hufunguka haraka kwenye simu ya mzazi wa Webuye mwenye bando dogo, na huondoa nusu ya majina kwenye jedwali lako la hatua ya kwanza.

Hatua ya sita: pandisha toleo kwa utaratibu

Panga kazi kwa kufuata msimu wa mteja. Mfumo wa shule haupandishwi wiki ya kufungua muhula; subiri likizo ya Agosti, au ile ndefu inayofuata mitihani ya Novemba. Sacco usiiguse kati ya kufunga mahesabu ya mwaka na mkutano mkuu. Duka la pembejeo la Kitale au Bungoma lina msongamano wa mbegu na mbolea mwezi wa tatu na wa nne mvua za masika zinapoanza, na mwenye duka hatakusikiliza wakati huo hata ukimweleza hatari yote iliyopo.

Kabla ya yote, chukua nakala ya akiba ya hifadhidata na uirejeshe kwenye seva nyingine hadi mfumo ufunguke. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Kwenye seva hiyo ya majaribio, badilisha majina, namba za simu na za vitambulisho ziwe za uongo, kisha zima kabisa utumaji wa ujumbe mfupi, la sivyo wazazi mia nne watapokea salio la karo saa nane usiku.

Pandisha toleo kuu moja kwa wakati. Kutoka Laravel 8 kwenda 12, pita 9, 10 na 11, ukifuata mwongozo rasmi wa kila toleo na kuendesha majaribio kila mara. Kuruka kunaonekana kuokoa muda, lakini hitilafu za matoleo manne zikija pamoja huwezi kujua ipi imetoka wapi. Kumbuka kwamba Laravel 10 huhitaji PHP 8.1 na matoleo ya 11 na 12 huhitaji 8.2, kwa hiyo lugha nayo itapanda katikati ya safari. Kwa Django, kabla ya kupanda endesha python -Wa manage.py test, ambayo huonyesha maonyo kuhusu vipengele vinavyokaribia kuondolewa. Yamalize maonyo hayo ukiwa bado kwenye toleo la zamani, na kupanda kwenyewe kutakuwa kazi ya alasiri moja. Zana kama Rector kwa PHP, django-upgrade kwa Django na ng update kwa Angular hubadilisha sehemu ya msimbo zenyewe. Zitumie, lakini soma kila badiliko kabla ya kulikubali.

Mara nyingi kinachokwamisha ni maktaba ya mtu mwingine iliyoachwa, wala si fremuweki. Ikiwa ni ndogo, inakili ndani ya mradi wako pamoja na leseni yake na uitunze mwenyewe. Ikiwa ni kubwa, tafuta mbadala kabla ya kuendelea.

Siku ya kuhamia seva halisi, chagua jioni, mjulishe mteja kwa maandishi, na hakikisha una njia ya kurudi nyuma ambayo umekwisha kuijaribu. Stima ikipotea nyumbani kwako kazi ikiwa katikati, amri ulizoziendesha kupitia tmux, programu inayoshikilia kazi kwenye seva, zitaendelea; ulizoziendesha moja kwa moja kupitia SSH zinaweza kukatika.

Hatua ya saba: kama utunzaji umekwisha kukoma

Kwanza punguza mlango wa kuingilia. Weka kurasa za usimamizi nyuma ya mtandao binafsi au ziruhusu anwani za ofisi pekee, zima vipengele visivyotumika, hasa vya kupakia mafaili, na punguza ruhusa za akaunti ambayo mfumo huitumia kwenye hifadhidata. Yapo makampuni, kama HeroDevs, yanayouza viraka kwa AngularJS na Vue 2, ingawa kwa wateja wetu wengi bei ya huduma za namna hiyo huishia kuwa hoja ya kuharakisha kuhama.

Kuhama kwenyewe kufanywe kipande kwa kipande. Weka Nginx, programu ya seva inayogawa maombi, mbele ya mfumo, acha anwani zote ziendelee kwenda kwenye mfumo wa zamani, kisha elekeza anwani moja, kwa mfano ya ripoti za mwezi, kwenye mfumo mpya unaosoma hifadhidata ileile. Anza na sehemu inayosoma tu bila kuandika, kwa sababu makosa yake hayaharibu data. Malipo yahame mwisho. Changamoto kubwa huwa ni kuingia kwa mtumiaji, kwa kuwa mifumo miwili inapaswa kumtambua mtu yuleyule bila kumuuliza nywila mara mbili. Tenga muda wa kutosha kwa hilo kabla ya kuahidi tarehe yoyote.

Hatua ya nane: liweke suala hili kwenye mkataba

Kwa mradi mpya wa mteja asiye na bajeti ya kila mwaka, ningechagua toleo la muda mrefu la Django, kwa kuwa miaka 3 humpa nafasi ya kupumua. Kwa mteja anayekubali kulipia matunzo kila mwaka, Laravel haina tatizo, na wasanidi wanaoijua hupatikana kwa urahisi kuanzia Kisumu hadi Nakuru, jambo ambalo lina uzito kuliko ubora wowote wa kiufundi siku utakapopata kazi kwingine.

Mkataba utaje toleo la fremuweki na tarehe ya mwisho wa viraka vyake kwa maneno ambayo bodi ya shule au kamati ya Sacco itayaelewa, useme kwamba kupandisha toleo ni kazi inayolipiwa kando na marekebisho ya hitilafu, na uweke makadirio ya siku zitakazohitajika. Kikoa, akaunti ya hosti, hazina ya msimbo na usajili wa Daraja viwe kwa jina la mteja, huku wewe ukipewa ruhusa ya kufanya kazi. Ambatisha jedwali la hatua ya kwanza kama nyongeza ya mkataba, na lipitiwe upya na pande zote mbili kila Januari, kabla ya bajeti ya mwaka kufungwa.